Boti iliyotumika: rangi mpya isimponze mnunuzi

Mji wa Mpanda hauko kando ya Ziwa Tanganyika, lakini fedha za wafanyabiashara wake zimo majini. Dagaa na migebuka wanaouzwa sokoni hutoka Karema na Ikola, wilayani Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kuelekea magharibi. Tangu Bandari ya Karema ijengwe, wapo pia wanaotazama biashara ya mizigo na abiria kwenda vijiji vya mwambao, na ng'ambo ya ziwa hadi Kalemie na Moba nchini Kongo.

Boti mpya yenye mashine mpya ni ghali kwa mtaji mdogo, hivyo wengi hutafuta iliyokwisha kutumika. Hapo ndipo hasara huanzia. Mnunuzi husafiri kutwa moja, hukuta boti inaelea, imepakwa rangi, mashine inawaka, naye hulipa na kurudi mjini. Kasoro zilizofichwa chini ya maji hujitokeza mwezi wa pili, wakati muuzaji amekwisha kutumia fedha.

Umri si hoja kubwa

Mfano wa kukifahamu chombo kikuukuu upo katika ziwa hilo hilo. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka minane chini ya maji haikuiua, kwa sababu ililazwa vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe boti ina miaka mingapi, bali ilikaaje siku ambazo haikufanya kazi. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu juani hukausha mbao zikaachana. Petroli ikiachwa ndani ya mashine muda huo huganda na kuziba kabureta. Hata hivyo, boti iliyo nchi kavu ndiyo rahisi kukaguliwa, na mwenye boti isiyoingiza kitu huwa tayari kusikiliza bei.

Kiunzi

Boti na ikaguliwe ikiwa nchi kavu. Kwa boti ya mbao, fundi achome kwa ncha ya kisu kwenye mkuku, kwenye maungio ya mataruma na pale mbao zinapokutana na maji. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Rangi mpya sehemu moja tu, au kipande cha bati kilichopigiliwa, ni dalili ya kiraka.

Kisha boti itiwe majini ilale usiku mmoja. Mbao zilizokauka huvujisha mwanzoni, halafu huvimba na kubana. Asubuhi maji yote yakumbwe, na saa chache baadaye yapimwe upya kwa ndoo. Yakiwa bado yanaingia kwa wingi, tatizo si ukavu.

Boti ya faiba igongwe polepole kwa mpini wa nyundo. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito kama wa gogo bovu unaonyesha kwamba maji yamepenya ndani. Ubao wa nyuma unaobeba mashine ujaribiwe kwa kuinua na kushusha mashine. Ukicheza, matengenezo yake si madogo.

Mashine

Mnunuzi aiguse mashine kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Plagi zifunguliwe: zenye chembe za madini zinaonyesha pistoni inalika. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu bila kukatika.

Inafaa pia kuuliza mashine ilifanya kazi wapi. Iliyoletwa kutoka Dar es Salaam au Zanzibar imekunywa maji ya chumvi, ambayo hula njia za kupozea kwa ndani. Iliyotumika ziwani tu haina adha hiyo.

Jaribio la mwisho ni safari ya nusu saa, boti ikiwa na mzigo na ikielekea upepo unakotoka. Boti tupu kwenye maji tulivu haimweleshi mnunuzi lolote. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, na kina cha ziwa hufikia mita 1,470. Mashine ikizimika katikati, nanga haifiki chini.

Karatasi

Namba iliyo kwenye mashine ilinganishwe na hati ya manunuzi. Mashine isiyo na hati inaweza kuwa ya wizi, au imevuka mpaka bila ushuru. Cheti cha usalama cha TASAC na leseni ya uvuvi ya halmashauri vionwe vyenyewe, si nakala, na mnunuzi aulize katika ofisi hizo namna ya kubadili jina kabla ya kutoa fedha. Ofisa uvuvi na uongozi wa mwalo watamweleza kama boti ina deni au ugomvi wa kifamilia.

Hesabu

Kila kasoro igeuzwe kuwa shilingi. Mathalani, muuzaji akitaka milioni 8, na fundi akakadiria laki 9 za mbao, laki 6 za mashine na laki 3 za maboya ya kuokolea, boti hiyo imefika milioni 9.8 kabla ya safari ya kwanza. Mnunuzi mwenye milioni 8 tu ataiingiza kazini bila matengenezo, na gharama italipwa na mabaharia na abiria.

Nauli ya fundi asiye na undugu na muuzaji, pamoja na malazi ya siku mbili Karema, ni fedha ndogo mbele ya hasara hiyo. Muuzaji anayekataa boti isilazwe majini usiku mmoja amekwisha kutoa jibu; mnunuzi na arudi Mpanda na fedha zake.