Fahamu: Kipoza prosesa kisicho na kelele, ukiwa Likasi

Ukiisukuma prosesa ipite kasi ya kiwandani, mara nyingi hulazimika kuiongezea volteji, na hapo ndipo joto linapokuja. Umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volteji: ongeza asilimia 10, joto litazidi kwa takriban 21, hata kabla ya kuhesabu kasi yenyewe. (Prosesa nyingi za Intel zisizo na herufi K hazikubali mchezo huu. Angalia kwanza.)

Shaba, riziki ya mji wa Likasi tangu ulipoitwa Jadotville, ndiyo inayofanya kazi ngumu ya kuliondoa joto hilo. Ndani ya mabomba ya shaba ya kipoza mna maji kidogo sana. Yakipata joto la prosesa huwa mvuke, huenda hadi kwenye mapezi ya alumini, hupoa na kurudi kwenye prosesa.

Kelele ni suala la feni. Ya milimita 140 ikizunguka polepole husukuma hewa nyingi kuliko ya 80 inayolia kama nyuki. Likasi iko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, hubeba joto kidogo, kwa hiyo chagua kipoza chenye uwezo wa ziada. Kiangazi vumbi huziba mapezi: safisha kwa brashi, feni ukiishikilia kwa kidole.

Vipoza vya maji? Pampu nayo huvuma, na ikifa umebaki bila kipoza. Mimi ningenunua cha hewa. Ila pima kasha la kompyuta kabla ya kulipa: kipoza cha hewa cha Noctua NH-D15, kwa mfano, kina kimo cha milimita 165.