Tungamo, Mwangaza na Uzazi wa Nyota: Suala la Istilahi

Mtu asimamaye Garsen, karibu na Mto Tana, usiku wa Desemba usio na mbalamwezi, aweza kuona kwa macho matupu galaksi tatu zilizo nje ya yetu: kusini, Mawingu mawili ya Magellan, kaskazini, Andromeda. Wanafalaki huuliza mambo mawili juu ya galaksi za jirani kama hizi: nyota zake zina tungamo kiasi gani, na nyota mpya zinazaliwa wapi?

Mwanafunzi hudhani kwamba penye mwangaza mwingi ndipo penye tungamo kubwa. Sivyo. Nyasi kavu huwaka kwa kishindo na kuzimika upesi, bali kaa la gogo la mkoko hudumu. Vivyo hivyo, nyota kubwa za buluu hung'aa mno lakini huishi miaka milioni chache tu. Nyota ndogo nyekundu ni hafifu, huishi mabilioni ya miaka, nazo kwa wingi wake hubeba sehemu kubwa ya tungamo.

Kwa hiyo huchorwa ramani mbili. Ramani ya tungamo hutumia miali ya infraredi, iliyo nje kidogo ya wekundu uonekanao, ambayo nyota kongwe huitoa kwa wingi. Ramani ya uzazi hutumia miali ya urujuanimno ya nyota changa, na mwanga mwekundu wa haidrojeni inayowashwa na nyota hizo. Kwa kuwa vumbi humeza sehemu ya mwanga huo, joto la vumbi nalo hupimwa na kujumlishwa. Katika Wingu Kubwa la Magellan ramani hizi hazilingani: tungamo limejikusanya katika mhimili wa kati, ilhali uzazi mkubwa uko pembeni, katika wingu la Tarantula.

Yafaa, basi, tusitumie "ukubwa" kwa dhana zote hizi. Napendekeza "tungamo" kwa wingi wa maada, "mwangaza" kwa nuru itolewayo, na "uzazi" kwa kasi ya kuzaliwa nyota. Hata "changa" lahitaji kipimo: Kilimia, nyota za mkulima, kina umri wa miaka milioni 100 hivi, na Jua bilioni 4.6.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kupimia miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka pwani ya Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Chombo kilipata jina. Dhana nazo zastahili yake.