Chakula cha asili na mwili wa kazi mkoani Simiyu

Mwili mwepesi wenye nguvu za kazi hujengwa na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: chakula na mwendo. Uzito huamuliwa zaidi na kinachoingia chunguni, na nguvu huamuliwa na kazi wanayopewa misuli. Nguvu zinazozungumzwa hapa si za kutunisha kifua mbele ya kioo. Ni uwezo wa kujitwika ndoo ya lita 20, kulima tangu alfajiri, kuendesha baiskeli yenye gunia nyuma, na kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kushikwa mkono hata uzeeni.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wa porini na wakulima wa jembe hawanenepi kwa sababu huunguza nishati nyingi kuliko watu wa ofisini. Imani hiyo ilipimwa jirani kabisa na Simiyu, kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao huishi ndani ya mkoa huo, wilayani Meatu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikupishana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Inaelekea mwili unaotembea sana hubana matumizi yake kwingine. Wataalamu bado wanabishana kuhusu namna unavyofanya hivyo, lakini jambo moja ni gumu kulikwepa: ulaji wa ovyo haufutwi kwa kutembea peke yake.

Wahadzabe hula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama. Wasukuma wa Kalemela na vijiji vingine vya Simiyu ni wakulima na wafugaji, na chungu chao ni tofauti, ingawa nacho kwa asili kilikuwa na vitu vichache vilivyopita kiwandani. Nafaka zake ni mtama na uwele, zinazovumilia ukame, pamoja na mahindi. Nafaka ikisagwa pamoja na ganda na kiini chake hubaki na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na mafuta yake. Sembe jeupe la mashine ya kukoboa huwa limepoteza sehemu kubwa ya hivyo vyote, na wanga wake humeng'enywa haraka zaidi. Ugali wa dona au wa mtama hukaa tumboni. Mlaji wake huchelewa kuona njaa.

Neno "kibichi" au "freshi", linalopendwa sana na washauri wa lishe wa mijini, halina budi kupewa kalenda likifika Simiyu. Mvua zikikatika kuanzia Juni hivi, mboga za majani huwa adimu hadi mvua mpya. Wasukuma walilijibu tatizo hilo kwa jua. Viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, vikaitwa michembe; vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Michembe hupikwa baadaye. Matobolwa huweza kutafunwa hivyo hivyo, na wengi huyala kwa karanga. Majani ya kunde nayo hukaushwa na kuwa nsansa, mboga inayoungwa kwa karanga zilizotwangwa. Hiki si chakula kibichi, lakini ni chakula kizima: hakikuongezwa sukari, chumvi wala mafuta ya kiwandani, kimepunguzwa maji tu. Hasara ipo. Jua kali huharibu vitamini C na sehemu ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kukausha kivulini penye upepo, au ndani ya kikaushio kilichofunikwa, huokoa zaidi. Karanga ndani ya nsansa si anasa ya ladha tu, kwa kuwa mwili hauwezi kufyonza karotini vizuri pasipo mafuta kidogo.

Viazi vyeupe havina karotini ya maana, ndiyo sababu viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa vilisambazwa Kanda ya Ziwa. Miongoni mwavyo zimo aina za Ejumula na Kabode. Mwaka 2016 watafiti watatu wa viazi hivyo, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Zawadi ya Chakula Duniani.

Upande wa kaskazini-magharibi wa Simiyu, wilaya ya Busega imepakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na hapo ndipo inapotoka mboga inayodharauliwa kuliko thamani yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na huliwa wazima, kichwa na mifupa vikiwamo. Kwa hiyo mlaji hupata protini pamoja na madini ya chokaa ambayo mnofu wa sangara, kwa bei yake yote, hauna kwa kiasi hicho. Dagaa walioanikwa kwenye chanja ni bora kuliko wa mchangani, na si kwa sababu ya meno tu: mchanga huja na uchafu wa ufukweni. Maziwa ya mgando, mgagani uliopikwa kwa maziwa ili kupunguza uchungu, mlenda, kunde, choroko na dengu hukamilisha sahani. Ajabu ni kwamba choroko na dengu hulimwa zaidi kwa ajili ya mnunuzi wa mbali kuliko kwa ajili ya jiko la mkulima, ilhali bakuli moja la choroko lingeziba pengo la nyama lililopo nyumba nyingi.

Chakula cha asili hakiwi salama kwa kuwa cha asili tu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na udaga wa Kanda ya Ziwa ni njia ya kuipunguza: muhogo hurundikwa, hufunikwa, huachwa uvunde na kuota ukungu, kisha hukwanguliwa, huanikwa na kusagwa. Hatua hizo zikirukwa wakati wa njaa, mlaji anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1985 uliwakumba watu wa Tarime, mkoani Mara. Mahindi nayo yana hatari yake. Yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuwa sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe lake. Kabla ya kuchagua dona, chagua punje: zikauke vizuri, zilizovunjika na zenye ukungu zitolewe.

Badiliko kubwa la sasa halitoki shambani, linatoka barabarani. Maandazi, chipsi, biskuti na soda vimefika mahali ambapo mboga za kiangazi hazifiki. Soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Mafuta ya kukaangia yana karibu kilokalori 900 katika kila gramu 100, huku viazi vitamu vya kuchemsha vikiwa na chini ya 100.

Madhara ya ulaji huo huonekana upesi. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha jaribio lililohusisha wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili walipolishwa chakula cha mtindo wa Kimagharibi kwa wiki mbili, waliongezeka uzito na dalili za uvimbe katika damu zilipanda. Wa mjini waliorudishwa kwenye ndizi, maharage, nafaka na mboga walipungukiwa na dalili hizo za uvimbe, na sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado ikionekana wiki nne baadaye. Huko Marekani, mtafiti Kevin Hall alionyesha mwaka 2019 kwamba watu 20 waliopewa ruhusa ya kula watakavyo walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku walipowekewa chakula kilichosindikwa sana kuliko walipowekewa kisichosindikwa.

Chakula peke yake, hata hivyo, hakijengi paja. Misuli hukua inapobebeshwa mzigo na kupewa protini baadaye, na hapa maisha ya kijijini yana mtaji ambao mtu wa mjini huulipia ada ya mwezi. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake huchezea majembe, ilizaliwa kwenye vikundi vya kulima. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi za misuli siku mbili au zaidi. Mkulima hufikisha hayo katika siku chache za palizi. Dereva wa bodaboda hayafikishi kwa kazi yake, ingawa hurudi nyumbani amechoka na mwenye njaa ileile ya mkulima.

Sahani ya asili, nzito kwa nyuzinyuzi, haimfai kila mtu kwa namna moja. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mara nyingine chini ya paa moja. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji mwepesi wa dona hulijaza kabla haujamlisha. Uji wake huongezwa karanga zilizosagwa laini, maziwa au unga wa dagaa waliooshwa, na hupewa mara nyingi kwa siku. Mama yake hupakuliwa kutoka chungu kilekile, ugali kidogo na mboga nyingi.