Foto ya kichwa si hukumu ya kifo

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki nyumbani na watoto: tukisikia kifo cha mugodi, tunafikiri udongo umeanguka. Kuna kifo kingine kinaanzia ndani ya kichwa. Mutu anaongea na wenzake, mara mudomo unapinda, mukono haunyanyuki, maneno yanachanganyika. Hii njo kiharusi, ile wengi wetu tunaita AVC. Wengine wanasema amerogwa. Hapana. Mushipa wa damu katika ubongo umeziba ao umepasuka.

Kwa macho tu, muganga hawezi kujua kama mushipa umeziba ao umepasuka. Inaomba skana, mashine inayopiga foto ya ndani ya kichwa. Njo maana tusimupe mugonjwa aspirini mbele ya skana: kama damu inatoka, aspirini inaweza kuongeza hatari.

Kwa mushipa uliopasuka, foto inaonyesha pia mugonjwa ana nafasi gani ya kuishi. Mwaka 2001, waganga wa California, Marekani, walitoa hesabu inayotumika mpaka leo. Wanaangalia mambo matano: mugonjwa anaamka kiasi gani, damu iliyomwagika inafika mililita 30, ni kusema vijiko viwili vya supu, damu imeingia katika vyumba vya maji vya ubongo, imemwagika sehemu ya chini, karibu na shingo, na mugonjwa amefikisha miaka 80. Kupima damu si uchawi: urefu mara upana mara kimo, kisha kugawanya kwa 2. Sentimita 5 kwa 4 kwa 3 inatoa mililita 30. Sisi tunaopima mashimo tunaielewa hiyo.

Kila jambo baya linaongeza alama. Kati ya wagonjwa 152 wa hesabu ya kwanza, mwenye alama 0 hakufa hata mumoja katika siku 30. Wenye alama 3, walikufa 72 kwa 100. Wenye 5, wote.

Hapa njo familia zinatuuliza: tuuze shamba, ao turudishe mugonjwa nyumbani? Tunajibu hivi: namba inasema yaliyopata watu wengi, haisemi yatakayompata baba yenu. Waganga wenyewe waliona hatari: wakimuacha mugonjwa kwa sababu namba ni mbaya, anakufa, halafu watu wanasema namba ilisema kweli. Kanuni za Marekani za mwaka 2022 zinakataza kutumia namba peke yake kusimamisha matunzo. Zinaomba pia uamuzi mupya wa kutomufufua mugonjwa moyo ukisimama ungoje angalau mpaka siku ya pili nzima.

Na matunzo yanasaidia. Mwaka 2023 ulitoka utafiti juu ya wagonjwa zaidi ya 7000 katika nchi 10, Nigeria ikiwa ndani. Kushusha tansio haraka mpaka chini ya 14, kuangalia sukari, kushusha homa, na kuondoa nguvu ya dawa za kulainisha damu: waliotunzwa hivyo walipona vizuri zaidi kuliko wengine. Kazi kubwa hapo ni ya infirmié, dawa na kupima kila mara.

Lakini kutoka Rubaya mpaka Goma barabara ni mbaya, na kila saa inayopotea damu inaweza kuongezeka. Kwa hiyo tuzuie mbele. Tansio ya juu njo sababu kubwa ya mushipa kupasuka, na haiumi: mutu anaweza kubeba gunia na tansio ya 18 bila kujua. Ikirudia kufika 14 kwa 9, aende kwa muganga, na dawa asiiache siku anajisikia vizuri.

Sisi wa sendika tunaomba koperative mambo matatu: kifaa cha kupima tansio kwenye kila mugodi, gari ao moto iliyo tayari kubeba mugonjwa, na kasha la kulipa skana. Coltan yetu inatoa tantale inayoingia katika vifaa vya elektroniki vya dunia nzima. Mwenye kuichimba asikose foto moja ya kichwa chake.