Wiki ya Mbalamwezi Mwamgongo

Ndugu msomaji, wewe ulipwaye mwisho wa mwezi, huenda hujapata kufikiri kwamba mbalamwezi yaweza kumrudisha mtu kwenye pombe. Basi twende Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya mji wa Kigoma, ukishaipita Hifadhi ya Gombe.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti samaki kama wakati wa giza, na mitumbwi hupumzishwa ufukweni. Hivyo kila mwezi zipo siku ambazo mvuvi ana mgawo wake mfukoni, hana kazi, na wenzake wameketi kwenye gongo. Kwa mtu aliyeacha pombe juma moja tu lililopita, siku hizo ni ndefu mno. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mapumziko yalikuwa ya miezi mitatu, tena mfuko ukiwa mtupu.

Nchini mwetu msaada kwa waraibu si jambo geni. Zanzibar zimekuwapo nyumba za kupata nafuu tangu 2009, na Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Lakini huduma hizo zimelenga hasa heroini, na zimekuwa zaidi za mijini. Mlevi wa gongo kijijini hubaki mikononi mwa jamaa zake na mashirika ya hisani. Je, mtumishi wa shirika kama hilo afanye nini hasa?

Wengi hudhani kazi yake ni kuhubiri. La hasha! Mlevi ameshahubiriwa na mkewe, na mama yake, na balozi wa nyumba kumi.

Kwanza, asimwamuru mtu anywaye sana kila siku aache ghafla. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa, hutetemeka. Kifafa chaweza kuzuka ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya tatu hivi mtu aweza kuweweseka na kuona yasiyokuwapo. Wapo wanaokufa. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa uchawi, na mgonjwa akafungiwa ndani. Mtumishi mwenye busara humpeleka kwa mganga wa zahanati kabla ya siku ya kuacha, na nauli ya boti ya kwenda hospitali ya Maweni, Kigoma, huwa imekwisha kuwekwa. Ziwa likichafuka usiku, fedha pekee haitasaidia; ndiyo maana siku yenyewe huchaguliwa mapema.

Pili, na hapa ndipo penye kazi kubwa, azijue siku za mwezi. Siku hizo mtu atafutiwe nyavu za kushona, mtumbwi wa kuziba, au shamba la michikichi la kupalilia. Mke na mume wapatane mapema mgawo utatunzwa na nani. Naye mama anayeanika dagaa asifanywe askari wa kumlinda mumewe. Ana kazi ya kumtosha.

Na nani afaaye kukaa naye jioni? Mara nyingi ni yule aliyewahi kulewa mwenyewe. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, walitambua kwamba mlevi akimsaidia mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kutokunywa. Ndipo kilipoanza chama cha Alcoholics Anonymous.

Hata hivyo, mtumishi huyo naye yuko ukingoni mwa shimo lile lile. Ukimpangia kila mbalamwezi, mwaka mzima, bila posho na bila mwenzi wa kumpokea zamu, yeye mwenyewe atakaa na nani jioni?