Figo Hukua Kabla ya Kushindwa

Mtu mwenye sukari, awe mkulima wa mahindi kando ya Kitale au wa miwa kule Bungoma, aghalabu huanza kuzifikiria figo zake siku miguu inapovimba hata viatu visiingie. Ilhali maradhi yenyewe yalikwisha kuanza miaka mingi nyuma, tena kwa namna ya kustaajabisha, kwani figo ya mwenye kisukari, kabla ya kushindwa kazi, kwanza hukua.

Katika utando wa kila seli ya mwili zimo protini ziitwazo vipokezi, na kazi yake ni ya bawabu: tarishi wa kikemia afikapo mlangoni na risala ya kuiamuru seli ikue, igawanyike au ijijengee ukuta, kipokezi humlaki, kikaipeleka amri hiyo ndani hata kwenye kiini. Mmoja katika matarishi hao aligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani, aliyeona kwamba vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi za mate vilifumbua macho kabla ya siku zake. Yeye na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Risala hizi asili yake ni za heri, maana pasipo hizo kidonda hakifungi wala mtoto hakui.

Balaa huja amri zinapotolewa bila haja. Sukari ikidumu kuwa nyingi katika damu, huamka ndani ya figo kimeng'enya kilicho mfano wa mkasi, kikakata vipande vya protini vilivyokuwa vimefungwa juu ya utando wa seli, na vipande hivyo vikageuka matarishi wa kuugonga mlango ule ule wa tarishi wa Cohen usiku na mchana. Na homoni ya anjiotensini, ipandishayo shinikizo la damu, nayo huuchochea mkasi huo. Mkulima wa Trans Nzoia ameona mahindi yaliyozidishiwa mbolea ya kukuzia yakirefuka kwa fahari, kisha yakalala chini kwa upepo mdogo. Na figo kadhalika, hunenepa na kuchuja kupita kiasi huku ikiharibika kwa ndani. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na katika kila kichujio mna seli zenye vidole vilivyofumana kuizuia protini isivuje mkojoni. Seli hizo karibu haziwezi kuzaa nyingine za kushika mahali pake, kwa hiyo zikilazimishwa kukua huelemewa, zikabanduka, na protini iitwayo alibumini ikaanza kupenya. Kipokezi kingine, cha kichocheo kiitwacho TGF-beta, huamrisha makovu yajengwe hata njia za damu zikazibana. Mafundo ya makovu hayo yalielezwa na Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson mwaka 1936, zamani sana kabla ya kujulikana amri ilitoka kwa nani.

Je, bawabu hawezi kuzibwa masikio? Katika panya wenye kisukari, dawa za saratani zizuiazo kipokezi cha tarishi wa Cohen zimepunguza madhara ya figo. Lakini kwa binadamu huleta vipele na kuharisha, wala si tiba ya maradhi haya. Kingamwili dhidi ya TGF-beta ilijaribiwa kwa wagonjwa, isizae matunda. Lililofaa ni kumshika mchochezi: dawa zizuiazo anjiotensini zilithibitika kuzilinda figo, kaptoprili mwaka 1993 na losatani mwaka 2001, na karibuni zimeongezwa zile ziifanyazo figo iiachilie sukari itoke na mkojo.

Tangu mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 wa kuzipa hospitali za kaunti vifaa, mashine za kusafisha damu mahali pa figo zilizoshindwa zimesogea karibu na watu ambao zamani hawakuwa na budi kusafiri hadi Eldoret. Nazishukuru kwa moyo wote. Hata hivyo mgonjwa hulala penye mashine muda wa saa nne hivi, aghalabu mara mbili kwa juma, mpaka mwisho wa maisha yake asipopata figo ya kupandikizwa. Huniuma basi kuona mtu akitobolewa kidole kupimwa sukari mwezi baada ya mwezi, pasipo kuombwa hata kikombe cha mkojo. Kwa kisukari cha ukubwani, alibumini yapasa kupimwa tangu mwaka wa kutambuliwa, kisha kila mwaka, kwa kuwa uvujaji huo hauumi wala hauonekani kwa macho, na hutokea wakati ambapo bawabu angali anatulizika.