Kwa Nini Dawa ya Dumuzi Ilishika na Matuta Yakakataliwa

Leo tuzungumze jambo ambalo sisi mabwana shamba na mabibi shamba hulizungumza sana tukiwa peke yetu. Kwa nini utaalamu mmoja huenea kijijini kwa misimu miwili tu, na mwingine huhubiriwa miaka ishirini bila kushika? Jibu la haraka huwa ni hili: "Wakulima wabishi." Mimi silikubali jibu hilo.

Chukua milima ya Uluguru, huko Morogoro. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wananchi wachimbe matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, maana miteremko ile ni mikali kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, tena ya kulazimishwa. Na udongo wenye rutuba kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unaleta juu udongo usio na chakula cha mimea. Mtu alivunja mgongo akichimba, halafu mavuno hayakuongezeka. Mwaka 1955 wananchi walipinga hata ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Je, huo ni ubishi au ni hesabu?

Sasa mwangalie dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Scania, kama lile lori kubwa. Fukusi tulimjua tangu zamani, lakini huyu mgeni aliweza kugeuza mahindi ya kihenge kuwa vumbi kwa miezi michache, na familia ikabaki inatazama. Desturi ilikuwa kuhifadhi mahindi na maganda yake, kwa kuwa ganda humzuia fukusi. Kwa dumuzi ikawa kinyume, maana yeye hutoboa vizuri zaidi punje zikiwa zimeshikwa na gunzi. Ushauri ukatolewa: pukuchua, changanya punje na dawa ya unga, kisha hifadhi. Ushauri huo ulipindua desturi ya mababu, lakini wengi waliushika upesi.

Waliushika kwa sababu hasara waliiona kwa macho. Aliyetia dawa na jirani yake asiyetia walitofautiana kabla ya msimu mwingine kuanza. Tena uliweza kujaribu kwa gunia moja, likiharibika, hukufilisika. Matuta ya ngazi huwezi kuyajaribu kwa gunia moja, bwana!

Hata hivyo dawa nayo ilikuwa na vikwazo vyake. Kupukuchua mavuno yote kwa mara moja ni kazi ya siku nyingi, na kwa kawaida huwaangukia akina mama. Mtaalamu anayezungumza na akina baba tu barazani amezungumza na watu wasiopukuchua. Halafu dawa lazima iwepo dukani wiki ile ya kuvuna. Ikifika mwezi mmoja baadaye, dumuzi ameshakula. Na mtu akiuziwa dawa bandia mara moja, yeye na jirani zake wote hawaamini tena, hata dawa halisi ikiletwa.

Kuna na jambo la ardhi. Shamba la kukodi kwa msimu mmoja, nani atalitia samadi ambayo faida yake inaendelea misimu kadhaa? Anayelima shamba la kuazima hapandi miti, eti amfaidishe mwenye shamba.

Siku hizi tunawashauri mtumie mifuko isiyopitisha hewa: gunia la nje, na ndani mifuko miwili ya plastiki. Wadudu humaliza hewa iliyomo, wakafa bila dawa. Ni utaalamu mzuri, lakini bei yake inazidi ya gunia la kawaida, na wewe unayeuza mahindi yote mara baada ya kuvuna huna haja nao. Unaweka akiba ya chakula? Basi nunua mmoja tu kwanza. Hakikisha mahindi yamekauka: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakiwa makavu, jaza mfuko, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa nguvu, uweke mbali na panya. Usifungue kila wiki kuchungulia.

Kando yake weka gunia lako la siku zote. Baada ya miezi mitatu, minne hivi, fungua yote mawili mbele ya majirani, na bwana shamba au bibi shamba wako mwite aje aone. Gunia likishinda mfuko, mwambie hivyo hivyo, naye apeleke habari chuoni.